Kaseti Hairudishwi Tupu

Mwezi uliopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka Msambweni, akaniambia nije nichukue changu kabla hajatupa vyote. Anaezua makuti ya nyumba ya nyanya, anapiga mabati, na stoo nzima imetolewa uani. Nikamwambia mimi sina kitu pale. Akasema, "Wewe njoo tu." Nikaenda. Kati ya vinu vilivyopasuka na mbuzi ya nazi iliyong'oka meno, palikuwa na kitu kimefungwa kwa leso iliyochujuka mpaka maneno yake hayasomeki. Nilikinyanyua, na kabla sijafungua fundo, mikono ilikuwa imeshakijua kwa uzito wake.

Ilikuwa redio kaseti ya nyanya, ile ndefu ya spika mbili, mkono wake umezungushiwa utepe mweusi. Binti yangu, niliyekuja naye anisaidie kubeba, aliitazama mbele na nyuma akasema, "Mama, si ununue tu spika ndogo, zile za kuchaji?" Simlaumu. Amezaliwa katika dunia ambayo kitu kikikohoa mara moja kinatupwa. Lakini wewe mwenzangu, tuliokua pamoja enzi za kuanika betri juani, wewe utanielewa, ndiyo maana hadithi hii nakupa wewe.

Nyumba ya nyanya ilikuwa ndani kidogo kutoka barabara kuu, penye mikorosho. Msimu wa korosho ukifika, moshi wa kuzichoma ulitutoa machozi kutwa, na hata wali wa chakula cha mchana ulinuka moshi. Alasiri nyanya na jirani walikaa barazani wakishona makuti ya kupeleka kwenye mahoteli ya Diani, na mimi kazi yangu ilikuwa kuyaloweka majani na kuyaleta. Redio ilikaa dirishani, imefunikwa kitambaa cha krosheti, na hakuna aliyeigusa ila nyanya. Asubuhi ilitoa habari na matangazo ya vifo, ambayo nyanya aliyasikiliza kwa makini kuliko habari. Jioni ilitoa taarabu. Adhana ikiadhiniwa, ilizimwa hata kama mwimbaji yuko katikati ya neno.

Lakini haikununuliwa kwa ajili ya habari wala taarabu. Ilinunuliwa kwa ajili ya mama.

Mama alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani mimi nikiwa sijang'oa jino la kwanza. Kila mkataba wake ulipokaribia kwisha, tajiri aliuongeza, na yeye akakubali kwa sababu ya shule yangu na paa letu. Simu ilikuwako Ukunda, ndiyo, lakini ukishapanga foleni mpaka miguu ikawaka moto, ulichopata ni mvumo na "haloo, haloo" mbili, kisha hela imekwisha. Barua nyanya hakuzitaka. Kurani aliisoma vizuri, lakini herufi za shule hakuzijua, na hakupenda kusomewa. Alisema barua inayosomwa na mtu wa pili inakufikia imeshaguswa. Basi mama akawa anatuma kaseti.

Kaseti yenyewe ilikuwa moja. Ilikuja kwa mkono wa mtu anayerudi likizo, na ilirudi kwa mkono wa mtu anayekwenda. Nyanya aliichukulia kama sahani ya jirani. Wajua kwetu: jirani akikuletea sahani ya kaimati, huirudishi tupu, utatia walau maembe mawili, ukikosa hata chumvi. Kaseti ikija imejaa maneno ya mama, ilirudi imejaa maneno yetu, juu ya yale yale ya kwake. Mjomba alimwambia anunue kaseti nyingine ili za mama zibaki ziwekwe. Nyanya akamjibu, "Chombo cha mtu hakikaliwi nacho." Kwa hivyo sauti ya mama ilifutika kila safari, na mimi niliisikiliza kwa pupa, asubuhi na jioni, kabla siku ya kujibu haijafika.

Na siku hiyo ya kujibu, ungetuona. Tulioga. Nyanya alivaa leso ya sanduku na kupaka wanja, ungedhani mama atamwona. Kisha alitia udi chetezoni, akaipitisha kaseti juu ya moshi huku na huku, kama mtu anayefukiza nguo ya harusi, ili mwanawe akiifungua kule aisikie harufu ya nyumbani. Akishabismillahi, alianza salamu. Salamu zake zilimaliza karibu upande mzima: za kwake, za mjomba, za jirani, za mwalimu wa madrasa, za mbuzi aliyezaa pacha. Upande wa pili ulikuwa wangu. Nilisoma sura niliyoihifadhi, nikataja nafasi niliyoshika darasani, nikanyamaza nisijue la kuongeza, na nyanya akawa ananionyesha kwa mkono kwamba utepe unakwenda bure.

Majibu ya mama yalikuja na swali moja lililomuudhi nyanya kila mara. "Mama, mbona sauti ya mtoto haikui? Mtoto anakula?" Ati mtoto hali! Nyanya alichukua swali lile kama tusi. Nilinyweshwa uji wa wimbi, nikashindiliwa muhogo wa nazi na samaki wa kupaka, na kabla hatujaanza kurekodi alinitazama mashavu kama mtu anayenunua ng'ombe. Unene nilio nao leo, wallahi, mizizi yake ni swali lile.

Upande wetu nasi tulikuwa na swali letu. Sauti ya mama ilikuwa nzito. Ilitoka polepole, ya kuburuta, kama mtu anayesema huku amebeba ndoo kichwani. "Mwaaanangu," alisema, na neno lile lilichukua muda mpaka limalizike. Mimi niliipenda. Nyingine sikuwa naikumbuka, na ile ndiyo iliyonilaza. Ila kila mwaka ilizidi uzito kidogo. Nyanya alinunua betri mpya, akazitia, akasikiliza. Nzito vilevile. Akasema, "Si betri hizi. Ni mwanangu." Jirani, ambaye hakukosa kauli katika jambo lolote, alisema ni baridi ya zile mashine za kupoza nyumba za Waarabu. Juma lililofuata akasema ni kijicho. Mama mwenyewe katika kaseti alisema yu mzima, hana neno, kazi nzuri, tajiri mzuri. Maneno yalisema hivi na sauti ilisema vile, na nyanya alikaa katikati yake asijue amwamini nani.

Sasa ngoja nikupeleke kwenye mwaka wa ile mvua ya Elnino, iliyokata barabara na kuozesha makuti kabla hayajauzwa. Mvua ilipopungua, mwanamke mmoja wa Gazi alikuja likizo kutoka kule aliko mama, akatuletea kaseti. Mama alisema mkataba unakwisha na tajiri anataka kuuongeza tena. Safari hii hakutaka kuamua peke yake. "Mama, sema wewe. Nikae au nirudi? Utakalosema nitalifuata." Mwanamke wa Gazi angeondoka baada ya Idi, na jibu lingekwenda naye.

Nyanya alisikiliza na mkono kifuani. Sauti ilikuwa ya mtu aliye chini ya kisima. Alipotaka kuisikia mara ya pili, redio ikaguna, ikakwama, na utepe ukaanza kutoka nje kama tambi. Redio ilikuwa inakula kaseti. Nyanya hakupiga kelele. Aliutoa utepe kwa ncha za vidole, akaniomba kalamu, akaitia kwenye tundu la kaseti akaurudisha ndani taratibu. Ulirudi na mkunjo mmoja tu. Lakini tangu hapo aliogopa kuitia tena kaseti mle ndani, na jibu lilikuwa linangojewa.

Akatuma habari Diani kwa mjomba, ndugu yake mama, aliyefanya kazi katika baa ya hoteli. Mjomba alikuja Ijumaa na boksi kubwa begani na uso umejaa furaha. Kulikuwa na mgeni aliyerudi kwao akamwachia mashine yake ya muziki, kitu cheusi chenye taa za rangi. Akaisimamisha dirishani, akaiweka redio ya nyanya chini sakafuni.

"Mama, hii ndiyo mashine, orijino. Ile imekwisha. La kuvunda halina ubani."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," nyanya akamjibu.

"Mbacha wenyewe umetoboka, mama. Unakula kaseti."

"Hata wewe ulikula udongo, na sikukutupa."

Jirani alicheka mpaka kuti likamtoka mkononi. Mjomba naye akacheka, kisha akasema haya, tusibishane, mashine yenyewe itajisemea. Nyanya akaja na kaseti mkononi, akaitazama mashine mbele, ubavuni, nyuma. "Na kaseti yaingilia wapi?" Mjomba akaigeuza huku na huku. Akabonyeza kitufe, kikatoka kitu kama ulimi. "Hii ni ya sidii, mama." Akamwonyesha kile kisahani kinachong'aa. Nyanya akajitazama ndani yake, akautengeneza mtandio. "Kioo kizuri," akasema. "Sasa mwanangu nimtie wapi?"

Nampendea mjomba jambo hili mpaka leo: hakununa. Alitikisa kichwa, akainama akaiokota redio ya zamani aliyoiweka sakafuni, akaifunga katika leso na kusema, "Twendeni Ukunda kwa fundi." Nyanya akafuata, kwa sababu hangeiacha mikononi mwa mtu asiyemjua, na mimi nikafuata kwa sababu nilikuwa mkia wa nyanya.

Fundi alikuwa kijana wa bara, kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Aliifungua yetu akasema, "Mama, hii mkanda imelegea." Nyanya akamwambia, "Mkanda huu umelegea." "Ndiyo, huo umelegea. Na hii mota imechoka." "Mota hii." "Sawa, mota hii." Waliendelea hivyo muda wote, yeye akitengeneza redio na nyanya akimtengeneza Kiswahili, na nadhani walipendana. Mkanda wenyewe, kama hujauona, ni mpira mwembamba unaozungusha kaseti. Kabla hajaubadilisha, fundi alitaka kusikia ugonjwa ulivyo. Akatia kaseti yake mwenyewe, kwaya ya akina dada wa kanisani kwao. Zikatoka sauti za wanaume wazee, wazito, wanaimba kama waliokesha msibani. Fundi alicheka akaweka bisibisi chini. "Hawa dada zangu wamekuwa wazee wa kanisa!"

Nyanya hakucheka. Akauliza, "Imeanza lini kuvuta hivi?"

"Pole pole, mama. Kidogo kidogo kila mwaka. Redio yenyewe haina shida, ni upande wa kaseti. Mtu akikaa nayo hawezi jua."

Na sisi tungejuaje? Taarabu ilitoka redioni, habari zilitoka redioni, sauti zao sawasawa. Kaseti tuliyokuwa nayo nyumba nzima ilikuwa ile moja ya mama. Nyanya alikaa kwenye kibao cha fundi, mikono magotini. Mjomba alimgusa bega. "Umeona, mama? Mgonjwa ni mpira. Mwanao hana lolote." Nyanya akaitikia kwa kichwa, na nilimwona akiomba dua kimya kimya.

Tulirudi jioni jua halijazama. Jirani alishakuja, kwa kuwa habari kwake hazikuhitaji miguu. Nyanya akatia kaseti, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, nyepesi, ya haraka, karibu ya msichana, na kila mwisho wa neno kicheko kidogo. "Mama, shikamoo, mimi ni mzima, sina neno." Maneno yalikuwa yale yale. Nikasema, "Huyu siye." Wakanicheka. Lakini mimi sikuwa natania. Mama yangu alikuwa ametolewa mle ndani na mtu nisiyemjua akawekwa mahali pake, na watu wazima wanafurahi. Mjomba alipiga makofi. Jirani akasema alhamdulillahi, akatoka mbio kuzipeleka habari. "Basi mama, mwambie akae, aongeze mkataba, mambo mazuri," mjomba akasema.

Nyanya alinyosha kidole akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Safari ile ya tatu alifumba macho. Kisha akazima, akasema, "Huyu ananificha."

Mjomba alishika kichwa. "Mama! Sauti nzito, wasema mgonjwa. Sauti nyepesi, wasema mgonjwa. Sasa atoe sauti gani?"

"Yule mzito nilikuwa simjui," nyanya akasema. "Ndiyo maana nilihangaika. Huyu namjua. Wakumbuka alipojikata mguu na jembe? Alikuja kutoka shamba anacheka, anasema haraka haraka, si kitu mama, si kitu, na damu imejaa ndara. Sauti aliyokuja nayo siku ile ni hii."

Mjomba alikaa chini. Alikumbuka. Nilimwona anakumbuka.

Wengine wangempigia mtu kelele arudi. Nyanya hakuwa hivyo. Alisema mwanamke mzima haitwi kama kuku, huonyeshwa mlango uko wazi. Siku ya kurekodi alioga kama kawaida, akavaa leso, akafukiza kaseti, akatoa salamu zake zote mpaka za mbuzi. Swali la nikae au nirudi hakuligusa. Mwishoni, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya shamba, akasema, "Na ule muhogo wa nyuma ya jiko umeshakomaa. Ukipitisha msimu utakuwa kuni, na meno yangu mimi si ya kutafuna kuni." Kisha akageuza upande akanipa nafasi yangu.

Nilikuwa nimetayarisha sura ndefu. Lakini tangu sauti ile mpya iingie nyumbani, nilikuwa na hofu moja: kwamba mama akija kweli sitamjua. Nikaona haya kuisema hivyo. Nikaigeuza. Nilisogeza mdomo karibu na redio nikasema, "Mama, tukionana, utanijua?" Na hapo nikamaliza. Nyanya alinyosha mkono kunionyesha utepe unakwenda bure, kisha akaushusha. Kaseti ikaenda Gazi, na kutoka Gazi ikaenda zake.

Masika yalikuwa yamekwishaanza, na jibu bado halijaja. Nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, nikasikia hodi mlango wa mbele. Ilikuwa hodi ya haraka, nyepesi, na kicheko kidogo mwisho. Nilimjua kabla sijamwona. Mkono uliganda na kifuu ndani yake, nikawa nasema karibu, karibu, na siinuki. Nyanya alitoka chumbani, akaushika uso wa mama kwa mikono miwili, akautazama kama anasoma. Mama alikuwa amekonda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya kuungua kutoka kiwiko mpaka kifundo, akawa anauvuta mkono wa nguo kuifunika. Yaliyompata hakusema, na nyanya hakuuliza, siku ile wala siku nyingine. Alikwenda nyuma ya jiko akang'oa muhogo, akaupika kwa nazi, akakaa mbele ya mwanawe akamtazama anavyokula mpaka sahani ikawa nyeupe.

Siku nyingi baadaye, tukishona makuti, jirani akamtania mama kwamba ameuwahi muhogo. Mama akasema, "Sikurudi kwa ajili ya muhogo." Akatueleza. Miaka yote ile kaseti zetu zilimfikia sauti zetu nyembamba, za mbio. Nyanya alisikika kama msichana, na mimi kama kifaranga. Redio yetu ilikuwa inarekodi ikivuta, na yake nzima ilipozicheza, zilikimbia. Mwaka huu mtoto mdogo, mwaka ujao mtoto mdogo. "Nikasema kwetu wakati umesimama. Naweza kuvumilia lolote, nikirudi nitawakuta pale pale. Halafu ikaja ile ya mwisho. Nikasikia bibi kizee, na msichana mkubwa ananiuliza kama nitamjua. Nikaizima. Nikaanza kukunja nguo zangu."

Nyanya aliendelea kushona kuti lake. Akasema tu, "Nilikwambia mtoto anakula."

Nyanya hatunaye sasa, Mungu amrehemu. Kila nikimfikiria, nafikiria lile sikio. Alishapewa ushahidi wote kwamba mambo ni mema, fundi amesema, mwanawe wa kiume amesema, kaseti yenyewe imesema, na angeweza kulala usingizi wake akiwa na haki. Hakulala. Alisikiliza tena. Ni wangapi leo wanaosikiliza tena? Mama siku hizi ana simu na hunitumia sauti yake karibu kila siku, na wanangu huzisikiliza sauti za bibi yao kwa ile kasi ya mara mbili, wamalize upesi. Udi hauwezi kupita kwenye simu. Na ile sauti nyingine, nzito, ya mama wa kaseti aliyenilaza miaka ile, haiko popote, kwa sababu haikuwa ya mtu. Ulikuwa uchovu wa mpira tu. Naona aibu kumwambia mama kwamba kuna wakati ninaikumbuka hiyo kuliko yake.

Ile kaseti ya mwisho mama alirudi nayo mkobani. Haikurudi tupu, wala haikujazwa tena. Aliyejibu alikuja mwenyewe. Ilitiwa redioni, ikafungwa ndani ya leso na redio yake, na humo ndimo nilimoikuta.

Niliipeleka redio kwa fundi Ukunda, siye yule wa zamani. Akaniambia nisijisumbue, ninunue nyingine, mkanda wa ndani umeyeyuka na wa kufanana nao ni wa kutafutwa mpaka Mombasa. Nikamwomba ajaribu. Akaufungia mpira wa kawaida, wa kufungia vifurushi, akanionya, "Itavuta, mama. Ni ya muda tu, nikutafutie wenyewe." Juzi amenipigia kwamba mkanda wa kweli umepatikana. Nimemwambia auhifadhi kwanza, sina haraka nao.

Maana siku ile nilipotoka kwake nilipitia Msambweni, kwa mama, katika nyumba ile ile ya nyanya. Mama alikuwa barazani anamenya mbaazi, amenipa mgongo. Nikaiweka redio dirishani pale pale pa zamani, nikabonyeza, na kaseti ilikuwa imegeukia upande wa pili. Ikaguna kidogo. Kisha ikatoka sauti nzito, ya kuburuta, ya mwanamke aliyebeba ndoo kichwani. "Mama, tukionana, utanijua?"

Ilikuwa yeye, mama yangu wa kaseti, na ilikuwa mimi.

Mama aliacha mbaazi. Hakugeuka. "Hiyo ni sauti yangu," akasema polepole. "Nilipokuwa kule. Nilikuwa namuuliza mama."

Sikumsahihisha. Aliokota mbaazi iliyomponyoka, akaitia sahanini pamoja na zenzake.

"Na alinijua," akasema.